Mzee Tuwei Hakuingiza Jiko Ndani

Ukizunguka Eldoret leo, kuanzia Elgon View mpaka kule barabara ya kwenda Plateau, utaona nyumba kubwa kubwa zimefungwa. Mwenyewe yuko Marekani anauguza wazee wa watu, au alikimbia mbio akashinda, akajenga, akarudi kukimbia tena. Nyumba inabaki na mtu mmoja mwenye rungu na gumboti. Mtu huyo nilikuwa mimi, miaka kumi na tisa. Sasa ni wewe.

Mimi ni Wafula. Nimestaafu nikiwa na miaka hamsini na moja, na usiniambie hongera. Kifua ndicho kilistaafu, mimi nikakifuata. Nikipanda ngazi tano nakaa chini kama mama mjamzito. Shule nilifika darasa la sita, kwa hivyo mkiona mahali nimeandika vibaya, rukeni, endeleeni.

Ninawaandikia kwa sababu kazi hii haina chuo. Mtu anapewa tochi na kuambiwa "chunga". Achunge nini? Achunge vipi? Hakuna anayemwambia. Mimi niliambiwa, na aliyeniambia ni Mzee Tuwei. Na nyinyi walinzi wa siku hizi nimewasikia kwa kibanda cha chai mkifundishana: "Usiingize jiko ndani, utakufa kama yule mzee wa barabara ya Plateau." Mnacheka kidogo, mnakunywa chai. Yule mzee ndiye Tuwei. Na hakuingiza jiko ndani. Nilikuwepo.

Lakini nianze na suruali.

Nilipotoka Moi's Bridge, ambako nilikuwa kibarua wa kubeba magunia, nilipewa nyumba ya Mama Salina nichunge pamoja na Mzee Tuwei. Salina ni nesi, yuko ng'ambo miaka mingi. Mzee aliniambia kitu cha kwanza: nyumba tupu lazima ionekane ina watu. "Anika nguo," akasema. Mimi nikaanika suruali yangu moja ya kaki nyuma ya nyumba, nikaona nimemaliza kazi. Wiki ya tatu, mama anayeuza maziwa akasimama kwa geti akapaza sauti barabara nzima isikie.

"Wafula! Hiyo suruali imekauka tangu Pasaka! Ama mwenyewe alikufa, imebaki kumsubiri?"

Mzee alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka. "Weri," akaniambia. Weri kwa lugha yao ni kijana mdogo, na mimi nilikuwa na watoto watatu. "Weri, kama mama wa maziwa amejua, mwizi alijua wiki iliyopita."

Tangu hapo tukawa tunabadilisha. Leo shuka, kesho soksi za shule, kesho kutwa nepi. Nepi ndiyo dawa kubwa. Mwizi anaogopa nyumba yenye mtoto mchanga kwa sababu mama wa mtoto halali. Tuliomba nepi kuukuu kwa binti ya mzee, Jemutai, akatuuliza kama tumezaa. Na gumboti mlangoni, namba kubwa, zenye matope. Lakini matope yawe mabichi. Gumboti zenye matope makavu wakati wa mvua zinasema ukweli wote.

Mengine ni haya. Funga maji kwenye valvu kubwa, usiamini mfereji wa jikoni. Kila Jumatatu mwaga ndoo ya maji kwa kila choo, maana choo kisichotumika hukauka chini na uvundo unapanda mpaka sebuleni, na panya wanafuata njia hiyo hiyo. Pazia lisibaki vile vile siku mbili. Funguo usiziandike jina. Mimi niliandika "MASTA" kwa plasta nikabandika kwa ufunguo wa chumba kikubwa, mzee akauliza, "Hukuandika pia 'karibu mwizi'?"

Na jiko. Siku moja ya baridi ya mwezi wa saba niliwasha jiko la makaa kwa kibanda chetu cha getini, nikafunga mlango. Mzee alifika, akafungua mlango, akalipiga jiko teke likaruka kwa mvua na ugali wangu juu yake. Nilikasirika siku mbili. Alisema maneno mawili tu: "Mdogo wangu." Mdogo wake alilala na jiko kule kwao Sugoi, hakuamka. Mzee Tuwei hakuota moto wa makaa ndani ya nyumba tena maisha yake yote. Alikuwa anatetemeka na blanketi nje ya mlango huku jiko likiwaka mbele yake kwa uwanja. Kumbukeni hilo mnapokunywa chai yenu.

Lakini ujuzi wake hasa ulikuwa pua.

Kila asubuhi kabla ya kugusa kitu alifungua mlango wa mbele, akasimama kizingitini, akafunga macho. Mimi mwanzoni nilidhani anaomba. Halafu alitaja. "Vumbi. Kapeti. Panya, lakini wa jana. Rangi ya ukuta, kuna maji yameingia upande wa choo." Tunaenda tunaangalia, ni kweli, dari imelowa. Siku moja alisema "asali", tukacheka, na kumbe nyuki walikuwa wameingia darini wiki nzima.

"Macho yanadanganywa na pazia," alisema. "Pua haina pazia. Nyumba tupu ina harufu yake. Ukisikia harufu mpya, simama, uliza imetoka wapi. Usiendelee na kazi nyingine mpaka upate jibu."

Nilifundishwa hivyo miaka yote hiyo. Hamwezi kusema sikufundishwa.

Sasa bima. Hili wengi wenu hamlijui na litawakamata. Mama Salina alilipia nyumba bima ya moto na wizi. Aliyeleta karatasi ni ajenti mmoja anaitwa Festus Odanga, mtu wa tai na viatu vya ncha. Mzee Tuwei hakusoma, lakini alikuwa na tabia: karatasi yoyote inayohusu nyumba, alimpelekea Jemutai amsomee yote, hata yale maandishi madogo ya chini. Jemutai akasoma, akafika mahali akasimama. "Baba, hapa inasema nyumba ikikaa siku thelathini bila mtu wa kuishi ndani, bima inasimama. Lazima uwaambie, na waandike upya."

Mzee akamuuliza Odanga mbele yangu. "Mwanangu, wewe uliandika nini hapa?"

"Niliandika inakaliwa."

"Inakaliwa na nani?"

"Mzee, si nyinyi mko?"

"Sisi tuko kwa geti. Nyumba ni ile."

Odanga akacheka, akampigapiga begani. "Mzee wangu, hiyo ni lugha ya ofisi, hutaielewa. Nikiandika tupu, wanapandisha malipo, Mama Salina anakasirika, mimi nakosa kazi. Wacha nyumba ikaliwe."

Sikieni, vijana. Kuna njia ya haki. Mwenye nyumba akiwaambia watu wa bima wazi kwamba haina mtu, wanampa bima ya namna nyingine, wanataka kitabu kinachoonyesha nani alikagua na siku gani, wanataka makufuli ya aina fulani. Ni kazi zaidi kidogo. Lakini karatasi ikisema kweli, nyumba ikiungua unaweza kusimama mbele ya mtu. Mwambie bosi wako hata akikuona unajifanya mwerevu. Mzee alimpigia Salina akamwambia. Salina alisema atazungumza na mdogo wake, ndiye anayesimamia mambo yake hapa.

Mdogo wake ni Barnaba Kitur. Andikeni hilo jina.

Mwaka huo mavuno yalikuwa mazuri huku kwetu, na kila mtu mnajua anavyofanya mavuno yakiwa mazuri. Stoo ikijaa, mahindi yanaingia jikoni. Jikoni ikijaa, yanaingia chumba cha wageni, na mgeni akija analala juu ya magunia. Hakuna mtu wa Uasin Gishu anaweza kuona chumba kitupu mwezi wa kumi na moja bila kufikiria mahindi. Sisi wa Bungoma ni vile vile, sitawacheka. Barnaba alikuwa na shamba upande wa Moi's Bridge, stoo yake ilikuwa imeingiwa na dumuzi, wale wadudu wa mahindi, na bei ilikuwa chini, akitaka kungoja ipande. Na dada yake alikuwa na nyumba ya vyumba vitano haina mtu.

Alikuja Ijumaa mchana na lori. Mzee Tuwei hakuwepo, alikuwa ameenda zahanati kwa sababu ya homa, pua imeziba na kichwa kinauma. Nilikuwa peke yangu.

"Wafula, fungua chumba kikubwa."

"Mzee Tuwei alisema hakuna kuingiza kitu bila Mama Salina kujua."

"Tuwei ni ndugu yake ama mimi ndiye ndugu yake?" Halafu akashusha sauti. "Gunia moja ni lako. Peleka kwako Langas leo hii, watoto wale. Lakini mzee asijue. Huyo akijua, simu iko Marekani kabla ugali haujaiva."

Nilifungua. Nilibeba pia, mgongo bado ulikuwa unakumbuka kazi ya zamani. Mimi na vijana wa lori tulipanga magunia mpaka karibu na dari, juu ya kapeti la Salina. Mwishoni Barnaba alitutoa nje, akajifunga leso puani, akaingia na mkebe mdogo wa chuma, akafunika magunia kwa turubai, akatoka akafunga mlango na kubandika selotepu pembeni zote. Nikamuuliza ni nini.

"Dawa ya dumuzi tu. Iko ndani ya turubai, haina neno."

Mimi nilibeba gunia langu kwa bodaboda. Mke wangu aliimba aliponiona.

Jumamosi Odanga akapiga simu kwa Barnaba, mambo yameharibika. Kampuni imepata kusikia kwamba nyumba kadhaa zilizoandikwa "inakaliwa" ni tupu, na Jumatatu asubuhi atakuja mtu kuangalia. Lazima akute watu wanaishi. Vitanda vimelaliwa, sufuria zina masizi, choo kimetumika. Barnaba akaja akatuamuru: kesho mkitoka kanisani ingieni ndani, mkae mpaka Jumatatu, madirisha yote yafungwe na makomeo kama karatasi inavyotaka. Chumba kikubwa msiguse, mimi nimeweka vitu vya dada hapo. Alisema hivyo akinitazama mimi.

Nilidhani mzee atakataa. Akapenga kamasi, akasema: "Sawa. Tukikaa ndani kweli, basi karatasi haitakuwa ya uongo."

Hiyo ndiyo sababu yake. Mzee Tuwei aliingia nyumba ile ili uongo wa mtu mwingine uwe kweli.

Jumapili mvua ilianza tukiwa bado kanisani. Tuliingia na blanketi zetu. Mzee, kwa mazoea yake, alisimama kizingitini akafunga macho. Akavuta pumzi, pua ikapiga mluzi, hakuna kitu. Homa ilikuwa imeziba yote.

"Weri, leo pua yangu imekufa," akasema. "Nikopeshe yako. Unasikia harufu gani?"

Nilisikia. Nitawaambia kweli, nilisikia hata kabla hajauliza. Ilikuwa kama vitunguu saumu, na ndani yake kitu kama samaki wa omena aliyeoza. Ilitoka upande wa chumba kikubwa. Na nikafikiria haraka: nikisema, atatafuta. Akitafuta atakuta selotepu, atakuta mahindi, atapiga simu. Gunia litarudi, na kazi itaenda nalo.

"Vitunguu tu, Mzee," nikamwambia. "Jirani anapika."

"Mvua kubwa hivi, na madirisha yamefungwa?"

"Si umeuliza? Mimi ndiyo nasikia hivyo."

Akanitazama kidogo. Halafu akaniamini. Alienda kulala kwa kile chumba kinachopakana na chumba kikubwa, kwa sababu kitanda chake kilikuwa na godoro zuri, na mimi ndiye nilimtandikia.

Mimi nilikaa jikoni, nikaanza kuumwa na kichwa, nikasema ni njaa. Nikaenda kwa kioski kutafuta mkate, mvua ikazidi, nikangoja huko saa mbili nzima nikipiga hadithi na mama wa maziwa. Hizo saa mbili ndizo zilizoniokoa. Niliporudi mchana huo nilimkuta mzee sakafuni ametapika, anapumua kama mtu aliyekimbia kutoka Sugoi. Nilimburuta mpaka barazani, na mimi nikaanguka hapo hapo. Jirani alituchukua kwa pikapu.

Mzee Tuwei alikufa Jumatatu kabla ya chai ya saa nne. Yule mtu wa bima alifika akakuta polisi kwa geti.

Mimi nilikuwa kitandani hospitalini, kifua kama kimekaliwa. Kabla ya polisi kuja kuniandikisha, alikuja Barnaba Kitur na mkate na soda. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda kama ndugu.

"Wafula, mahindi nimeshayahamisha. Pale chumbani mwa mzee wamekuta jiko la makaa."

"Jiko gani? Hatukuwa na jiko ndani."

"Lilikuwepo." Akanifungulia soda. "Ukisema dawa, nani alifungua mlango? Nani alibeba? Nani alipeleka gunia Langas? Mimi nina wakili. Wewe una nani? Ukisema makaa, ni ajali ya Mungu, hakuna wa kufungwa."

Daktari alikuwa amesema ni hewa mbaya, hakujua ya nini. Polisi alipokuja akaniuliza kama mzee alikuwa na jiko. Nikasema ndiyo. Akaandika. Nikaweka sahihi, ile ile ninayoandika kwa taabu. Odanga naye akaandika kwa karatasi zake, "uzembe wa walinzi", kampuni ikafuta bima, na yeye akabaki na tai yake. Bado yuko mjini. Barnaba aliuza mahindi bei ilipopanda, yale yale. Salina alinitumia pole, na mpaka leo anaamini mlinzi wake aliwasha moto kwa kapeti lake.

Kwenye matanga Jemutai alinifuata nyuma ya hema. Alikuwa akiniita Anko tangu siku za nepi.

"Anko Wafula, niambie. Baba aliingiza jiko ndani? Baba?"

Nikamjibu, "Baridi ilikuwa nyingi, Jemutai."

Akaitika kwa kichwa. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Tangu hapo nimemwona sokoni akiuza mboga, na nimesikia watu wakimtaja, binti ya mzee wa jiko. Nimebadilisha njia mara nyingi. Gunia lile tulilisaga mwezi wa pili. Mimi sikuweza kumeza, nikawa nakula viazi. Mke wangu alidhani ni ugonjwa wa kifua.

Kwa hivyo msiseme nimewaandikia kwa ujasiri. Nilichelewa miaka minne. Wiki jana ndipo nilichukua karatasi hizi nikazipeleka kwa Jemutai kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa jikoni kwake. Alisoma amesimama, vile alivyokuwa akimsomea baba yake, mpaka maandishi madogo. Nilijua amefika wapi kwa kuangalia uso wake. Alipofika pale pa vitunguu aliacha kusoma, akaweka karatasi mezani, akaenda akafungua dirisha. Akabaki hapo akinipa mgongo.

Nilikuwa nimeandika "mtu mmoja" mahali pa Barnaba, na "ajenti fulani" mahali pa Odanga. Na mahali pangu nilikuwa nimeandika "sisi".

"Rudi uandike majina," akasema bila kugeuka. "Yote. Halafu tutaenda polisi pamoja, useme vile umeandika."

"Sawa, Jemutai."

"Na la kwako liwe la kwanza, Wafula."

Hakusema Anko.

Nimeandika. Liko pale juu, baada ya rungu na gumboti. Kesho tunaenda. Na nyinyi mnaobaki na nyumba za watu, mwageni maji kwa vyoo, badilisheni nepi kwenye kamba, someni karatasi ya bima mpaka chini. Na mtu mwenye pua iliyoziba akikuuliza unasikia harufu gani, mwambie.

Ni dawa ya mahindi, Mzee. Inatoka chumba kikubwa. Usiingie.